Mwalimu Aliyeyajua Madimbwi Yote

Mwalimu alikuwa anakata chambo kwa meno. Nianze na hilo ili tusidanganyane. Anamtoa nyungunyungu kwenye mfuko wa shati, mfuko uleule wa chaki, anamnyoosha kwa vidole viwili, anamng'ata katikati. Kipande kimoja anakichomeka kwenye ndoana, kingine anakirudisha mfukoni. Halafu anafuta mkono kwenye suruali na kukunyooshea. Nawe ungefanya nini? Ni Mwalimu. Unapiga goti kidogo, unaupokea mkono ule kwa mikono yako miwili, unasema shikamoo, na ule ute unabaki viganjani mpaka ufike nyumbani. Mimi nimeushika mkono ule miaka zaidi ya thelathini. Leo nikiukumbuka naona kinyaa.

Na msiseme huyu mama anaona kinyaa kwa sababu hajazoea vitu vya maji. Mimi nauza samaki. Nina meza sokoni Bariadi, nauza wabichi na wa kukaanga, na kwangu ni kijijini, kando ya Mto Duma, nusu saa kwa bodaboda. Kambale nimeanza kuwapasua matumbo kabla sijavunja ungo. Nikipanda gari watu wanahama kiti, na mume wangu alinioa na harufu hiyohiyo, hakulalamika. Kinyaa ninachokisema hapa ni kingine kabisa.

Alikozaliwa sikumwuliza, na sasa sitaki kujua. Shuleni kwetu walimu walikuwa saba au wanane, lakini ukisema "Mwalimu" bila kutaja jina, kila mtu alijua unamsema yeye. Mpaka wazee wasiokanyaga darasa walimwita hivyo. Ukipita naye kijijini huwezi kufika unakokwenda, kila mlango anatoka mtu: "Mwangaluka, Mwalimu!" Naye anasimama, anaitika, anauliza habari za ng'ombe, za pamba, za mtoto aliyekwenda Maswa kusoma. Kila Jumatatu alitukagua kucha. Tunapanga mstari, tunanyoosha mikono, anapita na fimbo yake, na kucha zake mwenyewe zina tope jeusi la juzi na gamba la perege limekauka pembeni mwa dole gumba. Tulikuwa tunalitazama lile gamba, hakuna aliyethubutu kucheka.

Alivyoanza kuvua ni kichekesho. Alipoletwa shuleni kwetu hakuwa mvuvi, hata ndoana hakujua kuifunga. Ila wanafunzi walikuwa watoro, na mtoro wa kwetu haendi kucheza, anakwenda mtoni. Mwalimu akawa anapanda baiskeli, fimbo ameibana kwenye keria, anawafuata. Kila dimbwi alilolifikia alikuta wawili watatu wamechutama. Anawanyang'anya mishipi, anawarudisha, anawachapa. Mwisho wa mwaka droo ya meza yake ilikuwa imejaa ndoana, na Jumamosi moja akachukua mshipi mmoja akaenda kujaribu. Basi, yakaisha. Kuanzia siku ile, kabla hajakuchapa anakuuliza kwanza: "Ulikuwa dimbwi gani? Wanakula nini pale? Asubuhi au jua likipinda?" Ukijibu vizuri unachapwa viwili badala ya vinne. Sisi watoto ndio tuliomfundisha mto, kwa kuuza siri zetu ili tuokoe makalio yetu.

Na madimbwi akayapa majina ya watoro aliowakamata humo. Mimi nilikamatwa darasa la nne, msichana peke yangu, kwenye kona ya mto chini ya mkuyu, na mpaka leo watu wa umri wangu wanapaita hapo kwa Mtoro wa Kike. Nilichapwa. Kisha akanishika bega akaniuliza, "Yule mkubwa ulimpata kwa chambo gani?" Nikamwambia, utumbo wa kuku. Macho yakamng'aa. Nikaona fahari, jamani, mtoto wa miaka kumi namfundisha Mwalimu.

Nisimnyime haki yake: alijua. Hapa kwetu ukimtaka samaki lazima uyajue maji kwanza, maana maji yetu hayana kawaida, leo ni mto, baada ya miezi miwili ni njia ya ng'ombe. Yeye aliyajua. Alisema Duma ikianza kujaa na maji mekundu, usihangaike katikati, tupa ndoana pale povu linapozunguka nyuma ya jiwe, kambale wanapumzikia hapo. Lambo la Sola, ukae upande wanaoingilia ng'ombe, ufike kabla yao, utulie wakinywa, wakitoka tu utupe, kwa sababu perege wanafuata kile kilichovurugwa na kwato. Ipililo alisema ni kwa kufundishia watoto, samaki wake wadogo lakini hawana maringo. Mwanhuzi uende na maji yako ya kunywa na usimwambie mtu saa utakayorudi. Mto Simiyu, upande wa Maswa, ungoje siku tatu baada ya mafuriko, siku ya nne ndiyo yako. Nimeyajaribu yote hayo, na sijawahi kurudi mikono mitupu.

Ziwa alilidharau. Lamadi ni hapo tu, gari moja, na sato ninaowauza wengi wanatoka huko, lakini akifika mezani kwangu anawageuza kwa kidole kimoja, anabinua mdomo. "Ziwani wanachota," anasema. "Kuvua ni mtoni." Mteja amesimama na hela mkononi, yeye anaendelea: "Huyu amekulia kwenye maji mengi, hana akili." Nilikuwa nacheka. Mara ngapi nimepoteza mteja kwa sababu yake, na bado nacheka.

Alikuwa na maneno yake. "Samaki hachokozwi, anangojwa." "Mdomo ukifunguka, dimbwi linakauka." Hilo la pili alilisema kila siku, kwamba mahali pazuri pa kuvua hapatajwi, hata kwa mke. Na huyohuyo kwenye harusi, akishapata vikombe viwili vya pombe ya mtama, anataja yote! Anachora ramani kwenye vumbi kwa fimbo, watu wazima wamemzunguka, anawaonyesha jiwe gani ushike kushoto. Kesho yake anapita na uso wa mtu aliyeibiwa, anauliza nani amewaambia watu.

Dimbwi moja tu hakuwa na haja ya kulificha, maana lilijulikana na wote. Duma ikikatika kiangazi inabaki vipande vipande. Kila kipande kinapungua, na ikifika Septemba watu wanaingia kwenye tope kuokota kwa mikono, wengine na majembe kumchimba kamongo aliyejifukia. Lakini chini ya jabali kubwa, mwendo mfupi kutoka kwa Mtoro wa Kike, kuna kina ambacho hakijawahi kukauka hata mwaka ule wa njaa. Mwalimu alikiita Ghala. Akaenda kwenye dagashida, mkutano wetu wa kimila, mgeni kabisa, akasimama akasema: mkulima akila mbegu amekula mwaka kesho. Mbegu ya mto huu imo humu. Asiingize mtu ndoana, wala wavu, wala kapu, mpaka mvua zinyeshe, mto uungane, samaki watoke wenyewe. Wazee wakamwelewa, kwa sababu Msukuma hata akiwa na njaa hagusi mtama wa mbegu. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakaishika kuwa sheria, na adhabu yake ikawa kutengwa.

Kutengwa ni hivi. Hakuna anayekusalimia. Huombi moto wala chumvi. Mashine ya kusaga inakurudisha na mahindi yako. Ukifiwa unazika peke yako. Na anayekusemesha, hata neno moja, anakwenda kujisema mwenyewe kwa mwenyekiti wa sungusungu, asipokwenda naye anatengwa. Mtendaji wa kata anasema ni kinyume cha sheria za nchi, anasema hivyo akiwa ofisini kwake, lakini akifika kijijini hamsalimii aliyetengwa.

Wa kwanza kutengwa kwa ajili ya Ghala alikuwa mama yangu.

Mahindi yalikuwa yameungua, baba alikuwa ameshakufa, tulikuwa watoto wanne. Mama alitega kapu akapata kambale wawili. Wawili. Mwalimu alipita kutusalimia, akaona vichwa kwenye sufuria, akaaga vizuri, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa wakati ule. Kwenye dagashida mama alisema tu, "Nina watoto wanne." Mwalimu akasimama. "Na mto una watoto wangapi?" Watu wakampigia makofi. Nilikuwepo, nimekaa miguuni kwa mama, nikayasikia makofi yale. Miezi minne mama alisaga kwa jiwe, mabega yakamvimba. Mimi niliendelea kwenda shule, nikawa nakaa mbele, Mwalimu ananifundisha jinsi mmea unavyotumia mwanga wa jua na hanisalimii.

Nilimchukia miaka miwili. Kisha mvua zikaja nzuri, Duma ikajaa, na samaki walitoka kule chini ya jabali wakaenea mto mzima, mpaka watoto wa chekechea walikuwa wanarudi na perege kwenye kofia. Mama mwenyewe akasema, "Alikuwa na haki. Ila lile neno angeliacha." Nikakua, nikaanza biashara, na aliyeniletea kambale wangu wa kwanza wa kuuza, wazima, wanarukaruka kwenye ndoo, alikuwa yeye. Alikuwa anakaa kwenye benchi langu sokoni saa nzima. Tulikwenda kuvua pamoja mara nyingi, mimi na yeye, watu wazima wawili, nami najifanya sioni anavyong'ata wale wadudu. Nilimsamehe. Ndicho kinachonichefua kuliko vyote, kwamba nilimsamehe kwa sababu ya Ghala.

Sasa niwaambie jambo la kazi yangu. Kambale ananunuliwa akiwa hai. Huyu samaki ni mgumu, atakaa kwenye ndoo nusu siku bila maji ya kutosha na bado atakupiga mkia. Ukiletewa kambale aliyekufa asubuhi, mzima mwilini, hana alama ya ndoana wala ya wavu, uulize. Huku ni nchi ya pamba, na kila nyumba ina vichupa vya dawa ya wadudu, tunaviita ekapaki. Wapo washenzi wanaobakiza kidogo, wanakwenda kumwaga kwenye kidimbwi, samaki wanaibuka wenyewe wakihema, wanaokotwa kama maembe. Samaki wa dawa tunamjua. Mdomo unabaki wazi. Matamvua, pale anapohemea, yanapauka kana kwamba yamechemshwa. Ukimnusa, chini ya harufu ya tope kuna kitu kinachokukata puani. Na hakuna mtu aliyepiga kelele juu ya samaki hao kama Mwalimu. Alipita meza kwa meza, anafunua matamvua, akimkuta wa namna hiyo anamtupa chini na kumkanyaga. "Muuaji!" anamwambia mwenye meza, mbele ya wateja. Wanawake wa sokoni walikuwa wanamwogopa kuliko bwana afya.

Alistaafu, miguu ikavimba, akawa wa fimbo. Kushuka kule chini ya jabali akawa hawezi tena. Kiangazi kilichopita, asubuhi, ndiyo kwanza natandika meza, bodaboda ikasimama mbele yangu, Mwalimu yuko nyuma amekumbatia kiroba.

"Mwangaluka, mayu." Mayu ni mama, ndivyo alivyoniita siku hizo.

"Mwangaluka, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuletea kazi."

Nikafungua kiroba. Kambale. Wakubwa, urefu wa mkono wangu wote, wa aina ambayo mtoni hatujaiona siku nyingi. Wamekufa wote. Midomo wazi, wote. Nikamchukua wa juu, nikafunua matamvua, na nilipoinua macho Mwalimu alikuwa anatazama wauza nyanya.

"Wa wapi hawa, Mwalimu?"

"Lamadi."

"Lamadi ndiko wanakokaa kambale wenye mgongo mweusi wa tope la Duma?"

Akafunika kiroba. Kisha akainama juu ya meza, akanisogelea mpaka nikaipata pumzi yake, akasema polepole, "Wakaange mapema, kabla jua halijawa kali. Wa kukaanga hawajulikani."

Wa kukaanga hawajulikani! Mtu aliyenifundisha kusoma! Watoto wananunua vipande pale kwangu wakienda shule, yeye anajua, amekaa kwenye benchi lile akiwaona. Sikumtukana. Nilibeba kiroba mwenyewe mpaka jalalani, nikaomba mafuta ya taa, nikachoma, nikasimama hapo mpaka wamekuwa majivu. Niliporudi alikuwa ameondoka. Nikapanda bodaboda nyingine nikamwambia dereva, twende Ghala.

Wale wakubwa walikuwa wameokotwa. Waliobaki ni wadogo, wa kidole, wa nusu kidole, matumbo juu, wameyafunika maji yote mpaka ukingoni. Vyura wamelegea. Kaa wametoka majini wakafia kwenye mawe. Juu ya maji kuna utando unang'aa rangi rangi. Vichupa vya ekapaki vilikuwa vimefichwa chini ya jiwe, vimepangwa vizuri, vifuniko vimefungwa. Hata hapo alikuwa Mwalimu! Nikatapika juu ya jabali. Nikiwa bado nimeinama nikasikia kengele, ng'ombe wanakuja kunywa, maana kiangazi hicho malambo yalikuwa yameisha na maji ya mifugo na ya kwetu sote yalikuwa hayo. Nikavua kanga, nikaitanua, nikawakimbilia nikipiga kelele kama kichaa. Niliwageuza. Ndama mmoja alikuwa ameshatangulia, na hakufika zizini.

Dagashida ikaitwa. Kijana wa bodaboda iliyomleta sokoni alisema mwenyewe: alimpeleka alfajiri, Mwalimu akamwaga dawa kutoka juu ya jabali, yeye akateremka kuokota. Aliambiwa ni dawa ya kuwalevya tu. Mwenyekiti wa sungusungu wa sasa ni mtu tuliyesoma naye darasa moja, alichapwa na fimbo ileile. Akasema huyu ni namhala, mzee wetu, ni vema aonywe. Wanaume wote wakawa wanatazama viatu vyao.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema machache. "Mama yangu alikula wawili."

Mwalimu akaulizwa kama ana la kusema. Akajiinua kwa fimbo, akatutazama mmoja mmoja, kama anahesabu waliohudhuria.

"Ghala nimelilinda mimi," akasema. "Nyie mmelala, mimi niko pale. Mmekula, mimi niko pale. Sasa miguu imekwisha. Mkinizika kesho, mwezi ujao mtamwaga dawa nyie, msinibishie, nawajua, nimewafundisha. Nimewawahi tu. Ghala lilikuwa langu."

"Mama alikuwa na njaa," nikamwambia. "Wewe ulikuwa na uchoyo."

Akakaa. Wakamtenga. Hakuna aliyepiga makofi, na mimi nilirudi nyumbani nikaoga mara mbili.

Mvua zilikuja kwa wakati wake. Duma ikashuka na maji mekundu, ikaunganisha madimbwi yote, ikapita juu ya Ghala kama kila mwaka. Tukangoja. Wiki ya kwanza, ya pili. Vyura hawakulia. Watoto walikwenda na kofia zao wakarudi nazo kavu. Nilikwenda pale kwa Mtoro wa Kike na utumbo wa kuku, siku tatu mfululizo, na mshipi haukutikisika. Wenzangu wakaanza kusema tuzoee tu sato wa Lamadi, mto umekufa. Sikulala vizuri. Kwa wengine ilikuwa mboga tu, lakini mimi mto ule ndio ulionilea, na mama aliteseka ili ubaki na samaki.

Siku ya nne, jua limepinda, nimekaa jiweni, nikasikia fimbo inagonga mawe nyuma yangu. Nilimjua kabla sijamwona. Alikuwa amekaa kwenye kutengwa karibu miezi mitano. Moshi wa jiko lake tulikuwa tunauona, tunajua hajafa, basi. Akashuka polepole, anahema, akakaa kwenye jiwe lingine, nyuma ya mgongo wangu.

"Mwadila, mayu."

Sikuitika salamu ile.

"Hawapo," akasema. "Usijisumbue na utumbo wako. Mbegu haimo."

Nikauma meno. Nilitamani nigeuke nimwambie nani aliyeimaliza. Nikaushika mshipi kwa nguvu mpaka ukanikata kidole.

"Liko lingine," akasema.

Maji yakapita. Akaacha yapite.

"Dimbwi. Lina kina kuliko Ghala. Hata watoro hawakulijua, ndiyo maana halina jina. Kambale wamo, perege wamo, wazima. Mkichota ndoo chache mkamwaga hapa sasa hivi, mto ukiwa umejaa, mwakani mnao tena. Dawa imeshapita, maji yameiosha. Nimebaki mimi tu ninayejua. Nikuonyeshe?"

Jamani! Mto ungerudi! Niliona ndoo, niliona wanawake wa kijiji kwa mstari, niliona perege kwenye kofia. Halafu nikaona kingine, na hiki nakisema kwa aibu. Nilijiona mwenyewe nakwenda huko peke yangu, asubuhi na mapema, mwaka huu na mwaka ujao, nimepanga miiba kwenye njia ili mtu asipite. Nilijiona nimekaa juu ya jabali la huko, natazama maji, najua kila aliyemo. Hajaniambia hata liko upande gani, na mimi nimeshaanza kuwafukuza watu! Kinyaa kikanipanda mpaka kooni, na safari hii hakikuwa cha kwake.

"Usiniambie," nikasema. "Ukiniambia litakuwa langu."

Kisha nikamsikia anacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Umenisemesha," akasema. "Miezi mitano. Wabheja, mayu. Asante."

Akainuka, akaondoka na fimbo yake, anagonga mawe, hakugeuka. Mpaka leo sijui kama dimbwi hilo lipo au alilitunga pale pale ili apate neno moja kutoka kinywani mwa mtu. Niligeuka nikamtazama mgongo, ule mfuko wa shati umelegea, na sikumwonea huruma. Nilitamani nimwonee, ikagoma.

Nikakunja mshipi nikaenda kwa mwenyekiti wa sungusungu kujisema, kama inavyotakiwa. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nikapiga goti, nikasimulia yote, neno kwa neno: alivyokuja, alivyosema, nilivyomjibu. Nikangoja adhabu yangu. Mwenyekiti akaacha gunzi. Akatazama mlangoni kama mkewe yupo, akavuta kigoda akanisogelea, akashusha sauti.

"Hilo dimbwi, dada," akasema. "Hakugusia hata ni upande gani?"